Krosova ya spika za kujitengenezea: vidokezo kabla hujashika risasi

Boksi limeshachongwa, wufa na twita zimekaa. Imebaki krosova, ile inayoipa kila moja masafa yake, na hapa ndipo spika nyingi za nyumbani huharibikia.

1. Anza na twita. Soma kwenye karatasi yake masafa ya mtetemo wa asili, yaani Fs. Kama ni hertz 1,200, usiikate chini ya 2,400. Ukishuka hapo itakwaruza, na ukiongeza sauti itaungua.

2. Fomula ni ya kuanzia tu. Kupata kapasita ya twita, zidisha masafa kwa ohm, kisha gawanya 159,000 kwa jibu hilo. Twita ya ohm 8 kwa hertz 3,000 inataka mikrofaradi 6.6, nawe dukani utachukua 6.8. Koili ya wufa itakuwa milihenri 0.42. Hesabu nzuri, ila hiyo "ohm 8" ni jina la kibiashara. Pima wufa kwa multimita, huenda ukasoma 6, na ukifika hertz 3,000 ukinzani unaweza kupita 12, hivyo koili yako haikati ulipotaka. Dawa ni resista na kapasita zinazofuatana, zikafungwa sambamba na wufa. Kwa wufa ya ohm 6 na milihenri 0.6, jaribu ohm 7.5 na mikrofaradi 16 hivi.

3. Kapasita ziwe zisizo na chanya wala hasi. Zile ulizochomoa kwenye pawa saplai ya redio mbovu, ziache.

4. Koili mbili zisikae ubavu kwa ubavu. Moja ilale, nyingine isimame, na zitengane, la sivyo zitaambukizana sumaku.

5. Twita inachoma masikio? Nyingi hulia kuliko wufa. Kwa twita ya ohm 8, resista ya ohm 2.2 mbele yake na ya 20 sambamba nayo hupunguza karibu desibeli 3. Chukua za wati 10.

6. Geuza waya za twita, usikilize tena. Kwa krosova ya desibeli 12 kwa oktava, mara nyingi twita hufungwa kinyume. Ukiwa na maikrofoni, programu ya bure ya REW itakuonyesha: upande mmoja grafu inatulia, upande wa pili linatokea shimo penye mkato. Shimo likiwa refu, mpangilio umekaa. Rudisha waya zilivyokuwa kabla ya shimo. Majaribio yote yafanye kwa klipu, ubao ukiwa nje ya boksi, maana resista ile ya twita utaibadilisha tena ukishasikiliza taarabu kwa wiki nzima.