Mpe Pipi, Usimdai Vazi

Oktoba ikiingia tu, maswali ya ndugu zetu walioko Marekani na Kanada huja mfululizo, na mengi yanahusu Halloween. Lililonigusa safari hii limetoka kwa mama mmoja wa Ohio. Anasema hana neno na watoto wadogo wanaokuja kuomba pipi wamevaa kama simba, malaika au Spider-Man. Kinachomkera ni wale wakubwa: wavulana warefu, sauti zimeshakuwa nzito, wamevaa jinzi na hudi zao za kila siku, wanasimama kibarazani na foronya mkononi na kutamka "trick or treat" kwa haya. "Dada, hata kinyago cha dola mbili kimewashinda? Niwape, au niwaambie waende kwanza wakavae?"

Wape, mdogo wangu. Wape sawasawa na ulivyompa yule malaika wa miaka mitatu, na usiwaulize habari ya vazi.

Najua jibu hilo peke yake halitakutosha, kwa sababu swali lako limebeba hoja ninayoisikia kwa wengi: kwamba pipi ni malipo ya vazi, na asiyevaa hajatoa jasho. Hebu tuiangalie hoja hiyo kwa makini. Halloween huangukia tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote. Ulaya ya zamani, maskini walipita nyumba kwa nyumba katika siku hizo za kuwakumbuka wafu, wakapewa mikate midogo, nao wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Huko Scotland na Ireland watoto walijibadilisha sura, lakini kilichowapatia tunda au njugu kilikuwa wimbo au shairi walilolitoa mbele ya wenyeji. Waskoti na Waayalandi walipohamia Amerika katika karne ya 19 walikwenda na mila zao, na baadaye zikageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Kilichozigeuza ni vijana wakubwa. Katika miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, usiku wa Halloween katika miji mingi ya Marekani ulikuwa usiku wa uharibifu. Wavulana walivunja madirisha, wakang'oa mageti, wakapindua magari. Miji mingine ilifikiria kuipiga marufuku sikukuu yenyewe. Kumbe wapo wazazi, walimu na vyama vya mitaa walioona njia nyingine: kuwakaribisha. Wakaandaa karamu, wakafungua milango, wakawapa vitu vya kula ili mikono iwe na shughuli. Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha mambo kwa kuwa sukari ilikuwa ya mgawo, lakini mgawo ulipoondolewa mwaka 1947, desturi ya pipi ikaenea mitaa yote ya makazi mapya. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 anayegonga mlango wako hajavamia sherehe ya wadogo. Watu wa rika lake ndio waliofanya wakubwa waanze kufungua milango.

Sasa tuzungumze juu ya huyo aliyesimama kibarazani, maana wewe unaona hudi tu. Mimi nawafahamu watoto wetu wa ughaibuni, na naweza kukutajia nani anaweza kuwa ndani ya hiyo hudi.

Anaweza kuwa kifungua mimba aliyekabidhiwa wadogo zake. Baba yuko zamu ya usiku ghalani, mama yuko hospitali anahudumia wazee, na pesa ya mavazi imetosha watoto wawili wa mwisho. Yeye amesema, "Mimi sina haja." Amewavalisha wenzake, amewashika mkono kuvuka barabara, na sasa amesimama nyuma yao akiangalia bakuli lako. Ukimruka, yeye ataelewa, atanyamaza. Ndiyo maana usimruke.

Anaweza kuwa mtoto aliyefika juzi. Katika miaka kadhaa kati ya 2016 na 2024, wakimbizi walioingia Marekani kutoka Kongo walikuwa wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili waliokulia katika kambi kama Nyarugusu, Kigoma. Kijana aliyeshuka kwenye ndege mwezi wa nane akiwa na miaka 16 hii ndiyo Halloween yake ya kwanza. Wenzake wa darasani wamekuwa wakienda tangu wana miaka miwili. Yeye hajui vazi linanunuliwa duka gani, ameambiwa tu shuleni kwamba leo ukigonga mlango wenye taa unapewa pipi, na hakuamini mpaka alipojaribu. Unataka wewe, unayezungumza lugha yake, uwe ndiye uliyemwambia amechelewa?

Anaweza pia kuwa mtoto mwenye usonji, asiyevumilia kitambaa kigeni mwilini wala barakoa usoni. Wapo wanaoshindwa hata kutamka salamu ile. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa mrefu kuliko wewe na bado moyo wake ukawa wa chekechea, na mzazi wake amesimama pale barabarani anaomba Mungu umpokee vizuri.

Au basi ni kijana wa kawaida tu aliyeamua saa kumi na mbili jioni kwamba bado anataka. Huyo nampenda kuliko wote. Ana miaka 14, rafiki zake wamekwenda kwenye mambo ambayo wewe na mimi tusingependa kuyajua, naye amechagua kuzunguka mtaani na foronya akiomba chokoleti kwa majirani. Mama, huyo unamfukuza?

Kwetu pwani, siku ya Idi, watoto hupita kwa jamaa na majirani kupewa mkono wa Idi. Hata aliyeanza kuota ndevu hunyoosha mkono, na shangazi humpa huku akimtania kwamba keshokutwa ataoa. Sijasikia mtu akimnyima kwa sababu kanzu yake si mpya.

Kuna jambo zito zaidi ambalo siwezi kulinyamazia. Mtoto mweusi Marekani huonekana mkubwa kabla ya wakati wake. Mwaka 2014 mtafiti Phillip Goff na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu walionyeshwa picha za wavulana na kutakiwa wakadirie umri wao. Wavulana weusi waliongezewa miaka 4 na nusu kwa wastani. Fanya hesabu: mwanao wa miaka 13 anahesabiwa mtu wa miaka 17 na zaidi. Novemba ya mwaka huohuo, hapohapo Ohio, katika mji wa Cleveland, Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa akichezea bastola ya bandia bustanini, alipigwa risasi na polisi, na kwenye redio ya polisi alitajwa kuwa mtu wa kama miaka 20. Na Aprili 2023, Kansas City, Ralph Yarl wa miaka 16 alitumwa kuwachukua wadogo zake, akakosea nyumba, akabonyeza kengele, na mwenye nyumba akamfyatulia risasi. Alipona kwa neema ya Mungu.

Kwa hiyo tunaposema "huyu ni mkubwa mno kwa mambo haya," tuwe waangalifu. Hilo ndilo jicho linalowaumiza watoto wetu huko nje. Mlango wa Mswahili usiwe mlango mwingine wa kumpima kijana urefu na kumtilia shaka.

Wengine mmeniuliza kuhusu sheria, na ni kweli ipo miji iliyoweka umri. Chesapeake, katika jimbo la Virginia, ilikuwa na sheria ya mwaka 1970 iliyozuia waliozidi miaka 12, na kwenye karatasi adhabu ilifika hadi jela miezi 6. Mwaka 2019 wakapandisha umri hadi 14 na kuifuta jela. Bathurst, katika jimbo la New Brunswick huko Kanada, mwaka 2017 iliweka ukomo wa miaka 16 na saa mbili usiku. Ulizia utaratibu wa mji wako kabla mwanao hajatoka. Lakini sheria hizo si zako wewe mwenye nyumba kuzisimamia, na hakuna aliyekutuma kudai cheti cha kuzaliwa kibarazani.

Sasa namna ya kufanya. Bakuli lishike wewe mwenyewe, usiliache chini mlangoni, na ugawe kwa mkono wako: mbilimbili kwa kila mmoja, mkubwa kwa mdogo. Wasalimie. Swali la "vazi lako liko wapi?" liache kabisa, ukitaka kuzungumza, waulize wamezunguka mitaa mingapi au wako shule gani. Ukiona kundi linawasukuma wadogo, sema kama mama angesema: "Wapisheni hawa kwanza." Watatii. Wakija kwa matusi, funga mlango. Tabia mbaya ni sababu ya kunyima, kukosa vazi si sababu. Na saa ya kupumzika ikifika, au pipi zikiisha, zima taa ya kibarazani. Taa iliyozimwa inaeleweka mtaa mzima na haimwonei mtu. Ni njia hiyohiyo kwa wale ambao imani yao haiwaruhusu kushiriki: zima taa, lala salama, huna deni la kumweleza mtu yeyote.

Toa vilivyofungwa kiwandani. Najua kashata zako ni tamu na visheti vyako vinasifiwa kanisani na msikitini, ila wazazi wa huko huwaambia watoto watupe chochote kisicho na karatasi yake. Weka kando pia kitu kisicho cha kula, kama penseli au stika, kwa mtoto mwenye mzio wa karanga.

Nageukia upande wa pili, kwa wale ambao kijana asiye na vazi ni wa kwao. Mwanao akitaka kwenda, usimcheke. Ila usimwachie atoke hivihivi. Aende na wenzake, wagonge milango yenye taa tu, wapite njia ya kawaida na wasikatize bustani za watu. Hudi aishushe kichwani kabla ya kubonyeza kengele, uso uonekane, asalimie, ashukuru, arudi nyuma hatua moja mlango unapofunguka. Silaha ya kuchezea, hata ya plastiki ya rangi, isitoke nyumbani kwako. Na nguo nyeusi usiku ule ni hatari: utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopitia takwimu za ajali za Marekani za miaka 42, ulikuta kwamba uwezekano wa mtembea kwa miguu kufa kwa kugongwa na gari huongezeka kwa asilimia 43 jioni ya Halloween. Mfunge utepe unaong'aa mkononi, mpe tochi. Kama anakubali, mvalishe hata jezi ya Taifa Stars au Harambee Stars, atajibu kwamba yeye leo ni mchezaji, na hakuna atakayembishia.

Inaniuma kuwaandikia haya ya uso na mikono na hatua moja nyuma. Mtoto anayekwenda kuomba pipi hapaswi kufundishwa namna ya kusimama ili asiogopwe. Lakini ndiyo hali, na nisingewapenda kama ningewaficha.

Mama wa Ohio, mwaka huu ongeza mfuko mmoja wa chokoleti kwenye ununuzi wako, na huo uwe wa hao warefu. Wakija, wape mbilimbili, waambie karibuni. Na ukisikia mmoja wao anajibu kwa Kiswahili, muulize mama yake ni nani na wanaishi mtaa gani, kisha Jumamosi uende kuwajulia hali.