Hodi ya Taa: Kwa Wanaojenga na Kupangisha Nyumba Masasi na Newala

Mgeni mstaarabu hasukumi mlango. Anasimama barazani, anapiga hodi. Asipoitikiwa mara ya tatu, anaondoka zake. Kwa kiziwi anayeishi peke yake, ustaarabu huo unamkosesha taarifa ya msiba, fundi aliyemwita, hata mwanawe aliyefika usiku. Akiamua kuacha mlango wazi, mwizi naye hapigi hodi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mazingira yanayofikika, lakini haitasimama karibu na fundi wako akivuta nyaya. Hodi ya taa, yaani kitufe cha mlangoni kinachowasha taa ndani ili kiziwi aione hodi, iandikwe kwenye mchoro na kwenye orodha ya vifaa kabla ukuta haujapigwa lipu. Ukichelewa, utalipia kupasua ukuta na kuuziba upya.

Kuandika “kengele yenye taa” tu hakutoshi. Fundi atafunga taa moja sebuleni, na mwenye nyumba yuko jikoni anasonga ugali, mgongo umeelekea mlangoni. Mwandikie hivi:

“Kitufe kimoja mlango wa mbele, urefu wa mita 1 hivi kutoka chini, ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wakifikie. Kikibonyezwa, taa ziwake na kuzima sebuleni, jikoni, chumbani na chooni, mara moja au mbili kwa sekunde, kwa sekunde 15 au zaidi.”

Kasi hiyo ina sababu. Mwako unaozidi mara tatu kwa sekunde unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Na kama nyumba ina king'ora cha moshi chenye taa, mwako wake uwe tofauti kabisa. Mtu asikimbilie kumfungulia mgeni wakati dari linaungua.

Usiku taa peke yake haimwamshi kila mtu. Ongeza kitikisa mto, kifaa kidogo kinachotetemeka chini ya mto au godoro.

Umeme ukikatika, hodi isikatike nao. Penye sola, taa hizi ziunganishwe kwenye betri. Kengele zisizo na waya zinafaa kwa mpangaji, kwani akihama anahama nazo, ila betri ya kitufe huisha kimyakimya. Ijaribiwe kila mwezi.

Kwenye nyumba ya wapangaji wengi, kila chumba kiwe na kitufe chake chenye jina au namba. Kitufe kimoja cha getini kitamwinua mtu kwa kila mgeni wa jirani, na mwishowe atakichomoa.

Kabla ya kumlipa fundi, kaa kila chumba saa sita mchana, madirisha wazi, ukiwa umeupa mlango kisogo. Mtu abonyeze. Taa usiyoiona isogezwe. Atakayeishi humo ndiye wa kwanza kuulizwa. Kama bado hajapatikana, waulize wanachama wa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Wenye masikio mazima nao watanufaika masika, mvua inapopiga bati na hodi haisikiki kwa yeyote.