Sumu: Kiasi Gani Hakidhuru?

Wakulima wengi hunyunyizia nyanya na kabichi dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo ni sumu, na masalio yake yanaweza kubaki kwenye mboga. Je, wataalamu hujuaje kiasi ambacho mtu anaweza kula bila kudhurika?

Hatua ya kwanza ni majaribio. Panya hugawanywa katika makundi. Kundi moja halipewi sumu. Makundi mengine hupewa kila siku, kwa viwango mbalimbali. Kisha damu, maini na watoto wao huchunguzwa. Hutafutwa kiwango kikubwa kuliko vyote ambacho hakikuleta madhara.

Hatua ya pili ni kugawanya kwa 100. Mtu si panya. Huenda akadhurika upesi zaidi. Kwa hiyo hugawanywa kwa 10. Tena watu hawalingani: kuna mtoto, mzee, mgonjwa na mjamzito. Hugawanywa tena kwa 10. Kumi mara kumi ni 100. Lehman na Fitzhugh, wataalamu wa serikali ya Marekani, walieleza njia hii mwaka 1954.

Hatua ya tatu ni uzito wa mtu. Tufanye hesabu. Tuseme panya hawakudhurika kwa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wao. Gawanya kwa 100, utapata nusu miligramu. Basi mtu mzima wa kilo 60 asizidishe miligramu 30 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 asizidishe miligramu 5. Kiasi kisichomdhuru baba kinaweza kumzidi mtoto.

Ziko sumu ambazo kiwango chake salama hakijajulikana. Madini ya risasi, yaliyomo katika baadhi ya rangi za nyumba, ni mojawapo. Hayo ni ya kuepukwa kabisa.

Kijijini hatuna maabara. Kipimo chetu ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Inaeleza dawa ichanganywe na maji kiasi gani, na siku ngapi zipite kabla ya kuvuna. Anayevuna kabla ya siku hizo ameivunja hesabu yote, na mtoto ndiye wa kwanza kuumia. Dawa isiyo na maandishi usiinunue.

Maswali

1. Kwa nini hugawanywa kwa 100?
2. Katika mfano wetu, mtoto wa kilo 20 asizidishe miligramu ngapi?
3. Someni maandishi ya dawa mnayotumia. Mngoje siku ngapi kabla ya kuvuna?