Sumu za Bakteria Hupenyaje Ukuta wa Utumbo?

Je, ukuta wa utumbo una unene gani?

Upande unaogusana na chakula umefunikwa na safu moja tu ya seli, zilizobanana na kushikiliwa na protini, juu yake ute. Sukari na chumvi huvushwa. Protini kubwa hubaki nje, na sumu nyingi za bakteria ni protini.

Sumu ya kipindupindu basi hupita wapi?

Haipiti. Wengi hudhani huingia kwenye damu, kumbe huishia ndani ya seli za utumbo. Ina vishikio vitano na kiini kimoja. Vishikio hunasa mafuta yaitwayo GM1 yaliyo juu ya seli, na seli yenyewe huimeza sumu. Kiini kikishafika ndani huwasha swichi isiyozimika: kloridi humwagika utumboni, sodiamu na maji hufuata, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Ukuta wenyewe haujatoboka.

Ushahidi kwamba sumu peke yake hutosha kumwaga maji ulitoka Calcutta mwaka 1959. Mtafiti Sambhu Nath De alifunga vipande vya utumbo wa sungura, akaingiza majimaji walimokuzwa bakteria wa kipindupindu, yaliyochujwa yasiwe na bakteria hata mmoja. Vipande vikajaa maji.

Kwa nini ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, husaidia?

Kwa sababu kuna mlango ambao sumu haiugusi: ule unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Maji hufuata nyuma yake. Ndiyo maana chumvi peke yake haitoshi, lazima kuwe na sukari.

Je, zipo sumu zinazovuka ukuta kweli?

Zipo. Sumu ya botulinamu husafiri na protini wenza zinazoikinga na asidi ya tumbo, kisha baadhi yake hulegeza viungio kati ya seli. Ikifika kwenye mishipa ya fahamu, misuli hupooza, hata ya kupumulia.

Nyingine ni sumu ya Shiga, inayotengenezwa na aina fulani za bakteria E. coli. Hufika kwenye damu na kushambulia figo. Ujerumani, mwaka 2011, mbegu za uwatu zilizochipua zilisambaza aina mojawapo, na watu zaidi ya 50 walikufa.

Mgonjwa afanye nini?

Anayeharisha damu, hasa mtoto anayekojoa kidogo, apelekwe hospitali haraka. Asinunuliwe antibiotiki dukani kwa kubahatisha: baadhi ya dawa hizo huweza kuifanya E. coli hiyo itoe sumu zaidi.