Mtoto anayeharisha na habari za mkojo

Swali: Daktari, mwanangu alipoharisha sana, muuguzi aliuliza kwanza kama amekojoa. Mkojo unahusikaje?

Jibu: Unahusika sana, na muuguzi huyo alifanya vyema. Figo huchuja damu kwa nguvu ya msukumo. Kwa mtu mzima, damu husukuma maji nje ya vishipa vya chujio kwa takriban milimita 55 za zebaki. Protini za damu huyavuta yarudi kwa 30, na maji yaliyokwisha kuchujwa husukuma kinyume kwa 15. Zinabaki 10 tu! Hizo ndizo huchuja lita 180 kwa siku, karibu zote zikirudishwa mwilini. Mtoto akipungukiwa maji mno, msukumo huo mdogo hudhoofika na mkojo hukauka. Asipokojoa kwa muda wa saa sita, mpeleke hospitali mara moja.