SOMO: VUMBI LA DAWA LIWEZALO KUWAKA

Ndugu msomaji, hapa Kasapa unga ni rafiki yetu. Bila unga hakuna bukari. Lakini unga uo huo, ukitawanyika hewani ndani ya nyumba iliyofungwa, unaweza kulipuka kwa kishindo. Kwa nini? Gogo huwaka polepole, maana hewa huligusa nje tu. Vumbi huzungukwa na hewa pande zote, nalo huwaka mara moja.

Vumbi la dawa ni vivyo hivyo. Sukari na wanga vitiwavyo katika vidonge huwaka, na dawa nyingi zilizosagwa pia. Huko Bukavu magome ya mti wa kwinini yamekuwa yakisagwa. Nayo ni mti tu.

Sikia habari ya mji wa Kinston, Marekani. Kiwanda cha West Pharmaceutical Services kilitengeneza vifaa vya mpira vya sindano za dawa. Wafanya kazi walisafisha kila siku, hata pakapendeza machoni. Lakini vumbi jembamba la plastiki lilichukuliwa na upepo likatulia juu ya dari. Mafundi wengine waliliona, ila hawakuwa wamefundishwa kwamba ni hatari. Tarehe 29 Januari 2003 likalipuka. Watu 6 walikufa, 38 wakaumia.

Basi wewe ufanyaye kazi penye vumbi, shika haya:

1. Tazama juu: boriti, taa, dari. Usingoje vumbi lifikie unene wa milimeta 1.
2. Liondoe kwa kitambaa chenye maji, au kwa mashine ya kuvuta vumbi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usilipulize kwa upepo wa mashine.
3. Ziba mahali mashine inapovuja unga.
4. Usivute sigara. Usichomelee chuma kabla mahali hapo hapajasafishwa.
5. Mashine iungwe na ardhi kwa waya, umeme wa msuguano usitoe cheche.
6. Moto ukianza, usiumwagie maji kwa nguvu. Vumbi litaruka, na mlipuko wa pili mara nyingi hupita wa kwanza. Toa watu kwanza.

Na ukiona vumbi mahali pa siri, mwambie mkubwa wa kazi siku ile ile. Kunyamaza si heshima.

Maswali:
1. Kwa nini vumbi huwaka upesi kuliko gogo?
2. Kule Kinston vumbi lilijificha wapi?
3. Kazini kwako, ni nani atazamaye juu ya dari?