Mkarakara Wenye Majani Tele na Maua Haba

Mkarakara ni mmea utambaao, na matunda yake, ambayo wengine huyaita pasheni, hayakosi mnunuzi sokoni. Lakini si jambo la ajabu kuona shamba ambalo mikarakara yake imefunika waya wote kwa majani mabichi ya kupendeza, na mwenyewe asipate hata debe moja la matunda. Ada ya shule hulipwa kwa matunda, hailipwi kwa majani. Basi leo tutaeleza kwa nini mmea wenye afya hukataa kutoa maua, na ni kazi gani impasayo mkulima.

Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kusini. Kilimo chake cha biashara kilianza hapa Kenya mwaka 1933. Zipo namna mbili zijulikanazo sana. Makarakara ya zambarau hupenda nchi za juu zenye baridi kidogo, kama Kisii, Kericho, Murang'a na Meru. Makarakara ya manjano hustawi zaidi katika nchi za chini zenye joto, kama Kwale na Kilifi.

1. Ua hutoka mahali gani?

Hili ndilo jambo la kwanza kulifahamu, na mengine yote hufuata. Ua la mkarakara huchipuka kwenye kifundo cha jani, katika tawi changa la msimu ule ule. Kifundo kilichokwisha kuzaa hakizai tena. Mmea usipopogolewa, matawi machanga hutokea mbali tu, kwenye ncha, na katikati hubaki fungo la matawi makavu na majani yanayotiliana kivuli. Mahali pasipoingia jua, maua ni machache. Kwa hiyo, atakaye maua sharti aulazimishe mmea kutoa matawi mapya, tena mahali penye mwanga.

2. Kuuongoza mche

Chimba mashimo kwa nafasi ya futi 10 kati ya mche na mche, na futi 6 kati ya mstari na mstari. Simamisha nguzo imara, na waya uwe juu kiasi cha futi 6 kutoka ardhini. Mche ukianza kurefuka, acha shina moja au mawili tu, uyaongoze kwa kamba mpaka kwenye waya. Machipukizi mengine ya pembeni yaondoe. Shina likifika kwenye waya, kata ncha yake ili litoe matawi mawili, moja liende kulia na jingine kushoto. Kutoka katika matawi hayo mawili yataning'inia mengine kama pazia, na hayo ndiyo yatakayozaa. Samaki mkunje angali mbichi. Mkarakara ulioachwa ujiendee wenyewe mwaka mzima ni vigumu kuunyosha.

3. Kupogoa bila hofu

Wakulima wengi huona uchungu kukata mmea uliostawi. Huo ni uchungu usio na faida. Mavuno yakiisha, na mvua zikikaribia, kata kila tawi linaloning'inia ambalo limekwisha kuzaa, ukiliachia vifundo vinne au vitano tangu kwenye waya. Matawi makavu, na yale yanayogusa ardhi, yaondoe kabisa. Baada ya hapo machipukizi mapya yatatokea, na maua juu yake.

Lakini pana mpaka. Usikate wakati wa kiangazi kikali, kwa kuwa mmea wenye kiu hauwezi kuchipua. Wala usikate shina kuu na yale matawi mawili ya juu ya waya, maana mkarakara uliokatwa mpaka kwenye mti mkongwe huchipua kwa shida, na pengine hufa.

4. Mbolea na maji

Samadi iliyooza vizuri ni chakula chema. Lakini mbolea nyingi ya kukuza majani, hasa ile ya chumvichumvi yenye naitrojeni, ikitiwa kupita kiasi huleta majani badala ya maua. Maji nayo yasikatike wakati wa maua na matunda machanga, kwani ukame huyapukutisha. Tandaza nyasi kavu chini kuhifadhi unyevu, lakini zisiguse shina.

5. Saa ya ua

Ua la mkarakara huishi siku moja tu. Lile la zambarau hufunguka alfajiri na kufumba karibu na adhuhuri. Lile la manjano hufunguka karibu na adhuhuri na kufumba usiku. Lisipopata chavua, yaani ule unga wa ua, katika saa hizo chache, huanguka bure.

Tazama ua kwa karibu. Vile vijiti vitano vyenye unga ndivyo vya kiume. Vile vitatu vya juu, vilivyotanuka nchani, ndivyo vipokeavyo. Wamisionari wa Kihispania waliviona vitatu hivyo kuwa mfano wa misumari ya msalaba, na zile nyuzi za kuzunguka kuwa taji ya miiba. Ndiyo asili ya jina pasheni, yaani mateso ya Yesu.

Mkarakara wa zambarau huweza kuzaa kwa chavua yake wenyewe, ingawa nyuki huusaidia. Ule wa manjano hauzai ila kwa chavua ya mkarakara mwingine; basi usipande mmoja peke yake. Mtumishi wake mkuu ni yule mdudu mkubwa mweusi, mfano wa nyuki, atoboaye mbao kavu. Usimwue, bali mwachie magogo makavu karibu na shamba. Dawa ya wadudu isinyunyizwe maua yakiwa wazi: kwa zambarau nyunyiza jioni, kwa manjano alfajiri.

6. Kisu kisafi

Zamani mashamba makubwa ya makarakara yaliharibiwa mara kadha na magonjwa. Ugonjwa wa mnyauko hukaa udongoni. Kwa hiyo nunua miche ya zambarau iliyoungwa juu ya shina la manjano, ambalo hustahimili ugonjwa huo. Ugonjwa mwingine hufanya ganda la tunda kuwa gumu na nyama yake kuwa haba, nao huchukuliwa na vidukari, na pia na kisu chenye utomvu wa mmea mgonjwa. Mmea unaoonyesha dalili hizo usipogolewe pamoja na mingine. Ung'oe na kuuchoma, kisha safisha kisu kabla ya kuendelea.

Tangu ua kupata chavua mpaka tunda kuiva ni miezi miwili na nusu hivi. Mkulima akijua hivyo, ataweza kuhesabu tangu siku ya maua na kujua mavuno yatakuwa lini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tawi lililokwisha kuzaa hukatwa?
2. Ni matawi gani yasiyokatwa kamwe?
3. Jirani yako ana mkarakara mmoja wa manjano, una maua mengi lakini hauna tunda. Utamshauri nini?